Diski za Sauti ya Donati

Ifakara, 14 Februari 1999

Mwanangu Eveline,

Huku wazima, isipokuwa magoti yangu ambayo tangu mvua zianze yana maoni yake. Palizi imepamba moto. Ukiona nimekaa mezani naandika barua ujue ni Jumapili na nimetoka misa ya kwanza. Pale kanisani wamekusalimu, wanauliza kama huko Ujerumani umenenepa. Nimewajibu kwamba picha hujatuma, kwa hiyo mimi na wao tuko sawa.

Sasa nitamtaja baba yako. Najua hutaki, lakini Donati alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako, na kalamu ni yangu.

Ule ukwaruzo wa koo tuliokuwa tunasema ni vumbi la pumba, si vumbi. Ni uvimbe. Wameuangalia mara mbili, na mwezi wa sita anakwenda Dar es Salaam kupasuliwa. Madaktari wanasema ataishi. Ila watamtoa kile kisanduku cha sauti chote, na baada ya hapo hatasema tena neno lolote mpaka anaingia kaburini. Nimekuandikia wazi kwa sababu sijui namna nyingine ya kuliandika.

Unajua baba yako amebeba nini kichwani. Majina ya ukoo wetu tangu Mahenge, nani alizaliwa na nani, kaburi gani liko chini ya mti upi, nyimbo za kupandia ambazo hata mimi dada yake nazijua nusu. Hakuna mwingine. Kwa hiyo kila Jumamosi napanda gari kwenda kwake Namawala na redio yangu ya kaseti, namweka chini, anasema mpaka sauti inakauka. Jioni narudi mjini nachomeka redio kwenye kompyuta aliyoniachia yule mpangaji wangu mtafiti wa mbu, naingiza maneno yote humo, na Jumamosi inayofuata narekodia kanda zilezile.

Wiki iliyopita kompyuta imegoma. Inasema nafasi hakuna. Nikiangalia upande wa pili naona nafasi ipo tele, haina kitu. Mpangaji wangu aliigawa ile diski kama nyumba ya kupangisha, kila chumba na mlango wake, na chumba cha sauti kimejaa wakati sebule inalala bure. Wewe umekwenda kusomea mambo hayo. Niambie ukuta huo unabomolewaje bila kuangusha nyumba.

Simu ya posta imekatika tangu mvua zile za Januari, usihangaike kupiga. Andika, tena uandike upesi.

Shangazi yako,
Ursula


Aachen, 9 Machi 1999

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika jana. Mimi ni mzima, baridi imeanza kulegea na picha nitatuma.

Kuhusu baba, nimesoma.

Kuhusu diski. Ukuta wa aina hiyo huwezi kuusogeza bila hatari, na hata ukiusogeza leo, mwezi ujao chumba kitajaa tena. Njia nzuri ni kuacha kabisa kufikiria vyumba. Kuna programu mpya ya Linux, mfumo uleule unaoendesha kompyuta yako, ambayo watu wa hapa chuoni tunaijaribu. Inachukua diski zote ulizonazo, hata za ukubwa tofauti, inazifanya kundi moja. Kutoka kwenye kundi hilo unakata fungu la ukubwa unaotaka. Fungu likijaa unaliongezea. Kundi likiisha unaongeza diski nyingine, na faili zako hazijui kama kuna kilichobadilika. Ukitaka kutoa diski ya zamani, unahamisha kilichomo kwenda kwenye diski nyingine ndani ya kundi, kisha unaitoa ikiwa tupu. Nimekuwekea CD na maelezo kurasa nne. Fuata mstari kwa mstari, usiruke kwa sababu umeona unaelewa.

Mambo matatu uyashike sana, shangazi. La kwanza, kupanua siyo kutunza. Diski zikiwa kundi moja, moja ikifa inakufa na faili za wenzake. Kwa hiyo siku moja lazima tupate ya kuweka nakala pembeni. La pili, acha kurekodi juu ya kanda za zamani. La tatu, punguza takataka. Kata kikohozi, kata kuku, kata maongezi ya pembeni na ya kuomba maji. Dakika moja ya kikohozi inakula nafasi sawa na dakika moja ya jina la babu.

Hapa nilipo siwezi kununua diski mwezi huu. Mwezi ujao nitaweza. Kama kuna mtu anayeweza kukuuzia moja hapo Ifakara, angalia kwanza ilitoka wapi.

Wasalimu wote.

Eveline


Ifakara, 28 Machi 1999, Jumapili ya Matawi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa kavu kuliko dagaa wa Kigoma, lakini CD imefika na haikuvunjika, namshukuru Mungu.

"Kuhusu baba, nimesoma." Nimelisoma neno hilo mara nyingi nikitafuta kilicho nyuma yake. Sawa. Nyie wawili hasira zenu ni za chungu kimoja, na mimi sina umri wa kuwaamua.

Kanda nimeshazirekodia zote tangu mwanzo, kwa hiyo ushauri wako wa pili umechelewa. Kanda mpya za madukani siku hizi zinakwaruza, baba yako akisema "Mahenge" inasikika kama mtu anakaanga. Zile nzuri ninazo chache. Kilichomo kwenye kompyuta ndicho kilichopo, hakuna pengine.

Takataka nimekata. Lakini kutupa sikuweza. Nimeziweka kwenye folda yake peke yake, nimeiita mabaki.

Sasa sikia habari ya diski. Baada ya sala ya jumuiya Jumatano nilisimama nikasema mgonjwa wetu anahitaji diski ya kompyuta, kama ambavyo mtu angesema mgonjwa anahitaji shuka. Watu wakaitikia. Mmoja akaleta mchele. Mwingine akaleta kuku. Kesho yake, saa za mchana, akasimama mtu mlangoni pangu ameshika kitu kimefungwa kwenye kanga ya mama yake, akavua viatu, akaniamkia kwa adabu zote. Ni Seni.

Usikunje barua. Seni siku hizi ana kibanda chake pale karibu na soko, anatengeneza redio na sasa kompyuta za maofisini. Akasema, "Mama, nimesikia mzee anaumwa. Nimekuja na mchango wangu." Ni diski, kubwa mara mbili ya niliyo nayo. Nikamuuliza kama anakumbuka kwamba mzee huyo ndiye aliyemkatalia asikuoe kwa sababu ng'ombe wa baba yake waliingia kwenye mpunga. Akasema, "Nakumbuka. Ng'ombe waliingia kweli."

Ungetaka nifanyeje? Mchango wa mgonjwa haukataliwi, hata ukiletwa na aliyekuudhi. Nimeupokea kwa mikono miwili. Nimefuata kurasa zako mstari kwa mstari, nikaunganisha diski mbili zikawa kundi, nikaongeza fungu, na nafasi ikafunguka mbele ya macho yangu huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Nilipiga kigelegele peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Sauti ya baba yako inapungua. Jumamosi hii aliimba wimbo mmoja tu, tena aliumaliza kwa kunong'ona.

Je, utakuja kabla ya mwezi wa sita? Hilo nalo ulijibu.

Shangazi Ursula


Aachen, 20 Aprili 1999

Shangazi, shikamoo. Pasaka yangu ilikuwa njema.

Nimesoma habari ya Seni na nitasema moja kwa moja. Hiyo diski itoke.

Imetoka ofisi gani? Imefanya kazi miaka mingapi? Kwa nini waliitoa? Diski inayochomolewa kwenye kompyuta ya watu kwa kawaida ina sababu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii imejitembeza mpaka mlangoni kwako imefungwa kanga. Nilikuandikia uangalie ilitoka wapi, wewe ukaangalia adabu.

Na kama unataka la moyoni nitakupa. Baba alipoirudisha posa, Seni aliipokea akaondoka. Hakuuliza hata neno moja. Hakunifuata hata kituo cha basi. Mtu anayeachia kirahisi namna hiyo sitaki abebe kitu changu chochote, na zaidi ya yote sitaki sauti ya baba yangu ilale kwake. Ndiyo, nimesema baba yangu. Umefurahi?

Diski nimenunua. Ni mpya kabisa, bado imo kwenye mfuko wake wa kiwandani, na peke yake inatosha kubeba kila kitu ulicho nacho na nafasi ikabaki. Anakuja nayo Obed, kijana wa Malinyi aliye chuo kimoja nami, anakuja likizo. Pamoja na barua hii nimeweka amri zote. Utaichomeka, utaiingiza kwenye kundi, kisha utahamisha kila kilichomo kwenye diski ya Seni kiende kwenye yangu. Usiogope ukiona inachukua saa nyingi. Ikiisha, utaitoa diski yake kwenye kundi. Halafu utaifuta. Nisikilize hapa: siyo kufuta majina ya faili tu, kwa sababu mtu anayejua anaweza kuyafukua. Amri ya mwisho kwenye karatasi inajaza sifuri mwanzo hadi mwisho. Asibaki na hata neno moja la baba. Kisha mrudishie, mwambie ahsante.

Kuja kabla ya Juni siwezi. Mitihani yangu ni mwezi huohuo.

Eveline


Ifakara, 23 Mei 1999, Pentekoste

Eveline,

Obed amefika majuzi tu. Maji yalikata barabara, magari yakalala njiani, na yeye na mizigo yake wakakaa wanangoja kama nguo kwenye kamba. Diski nimeipokea. Kweli inang'aa. Hata mfuko wake nimeutunza.

Nilifikiria sana kabla ya kufanya ulichosema. Ile ya Seni haikuwahi kunisumbua hata siku moja, wala kelele haina. Lakini fundi ni wewe, na baba ni wako. Nimehamisha. Ilichukua mchana kutwa na nilikaa mbele ya kompyuta nikisali rozari umeme usikatike. Haukukatika. Nikaitoa diski yake kwenye kundi, nikajaza sifuri zako, mwanzo hadi mwisho, mpaka machozi yakanitoka, sijui kwa nini, labda ni macho tu.

Halafu nikashindwa kuirudisha.

Wewe hukuwepo siku baba yako aliporudisha posa. Mimi nilikuwepo. Mama yake Seni, Mbuke, alikuwa ameleta kikapu cha karanga na asali ya kwao. Baba yako alimrudishia kikapu kitupu, amekikung'uta kabisa. Nilimwona mama yule akikitazama ndani. Kusema hapana ni haki ya mzazi, lakini chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata ungeweka punje za chumvi. Mimi nilinyamaza siku ile, na nimeapa sitafanya hivyo mara mbili kwa watu walewale.

Kwa hiyo nimeweka kitu. Usiruke. Sikumpa majina ya ukoo wala wimbo, hayo si ya kumpa mtu wa nje. Nimempa ile folda ya mabaki. Nimeihamisha nzima nzima, kwangu haimo tena, maana ulisema ni takataka na nafasi ni mali. Kikohozi na kuku, ndicho nilichotia kwenye kikapu. Alipokea kwa mikono miwili, akauliza kama mzee anaendelea vizuri. Hakuuliza kwa nini diski inarudi.

Baba yako sasa ananong'ona tu. Jumamosi nilimaliza naye majina ya Mahenge yote, mpaka wale waliokufa njiani kushuka bondeni. Aliposema la mwisho alinipungia mkono kwamba basi, yametosha. Yote yako kwenye diski yako. Tarehe kumi na nne Juni tunakwenda Dar.

Alifikiri utakuja. Hakusema, lakini amepaka chokaa chumba chako.

Ursula


Ifakara, 11 Juni 1999

Eveline,

Sina salamu leo.

Diski yako inagonga. Ilianza jana asubuhi, ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi, kisha kompyuta ikasimama. Nikaizima, nikaiwasha. Inagonga, inatulia, halafu inasema haioni kundi. Nimepitia kurasa zako zote na hakuna ukurasa wa kugonga.

Nimekosea wapi? Niambie kama nimekosea. Sikuiangusha, sikuigusa, ilikuwa mahali pake chini ya kitambaa.

Nilikwenda kumwita Seni. Ndiyo, nilikwenda, nani mwingine yupo? Amekaa nayo mpaka jioni. Ameitega sikio, ameipindua, ameibadilishia waya. Mwisho akasema, "Mama, hii ilikuwa imeumia kabla haijafika kwako." Kwenye diski ile ndogo ya zamani amefukua vipande vipande visivyo na kichwa wala miguu, sekunde mbili, sekunde tatu. Anasema orodha inayounganisha vipande ilikuwa kwenye yako.

Jumatatu tunapanda gari. Nilikimbilia Namawala na redio nikiwa na kanda moja, nimwombe angalau wimbo mmoja. Amefungua mdomo na pakatoka pumzi tu.

Sijamwambia. Amenitazama, nikasema nimekuja kumjulia hali.

Ursula


Aachen, 15 Juni 1999

Shangazi wangu mpendwa, shikamoo.

Naandika haraka. Obed amerudi jana. Katika maongezi, kwa kucheka, ananiambia kwamba pale Mikumi begi lilianguka kutoka juu ya keria ya basi, akaliokota, akapangusa vumbi, na chokoleti zote alizowapelekea ndugu zake zilikuwa zimevunjika. Nikamuuliza diski ilikuwa wapi. Akasema humohumo.

Shangazi, kama hujahamisha bado, usihamishe! Acha kila kitu kwenye diski ya Seni. Kama umehamisha lakini hujajaza sifuri, usijaze, iache kama ilivyo, usiiguse. Kama umekwishafanya yote, zima kompyuta sasa hivi, usiiwashe mpaka nipate diski ya pili ya kuweka nakala. Nitaikopa, nitaibeba mwenyewe mapajani kama mtoto.

Nilipaswa kukuandikia uipime kwanza siku kadhaa kabla ya kuiamini. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa. Ya Seni nilitaka ipimwe. Yangu sikuiona haja, kwa sababu ilikuwa yangu.

Baba anapasuliwa wiki hii. Najua. Mwambie... Hapana, usimwambie kitu. Nitakuandikia tena.

Eveline


Aachen, 8 Julai 1999

Shangazi,

Barua yako ya Mei ilifika nimeshatuma yangu, na sasa nimeipata ya Juni. Nilisimama nayo kwenye ngazi za bweni mpaka watu wakaanza kunipitia pembeni.

Hukukosea mahali popote. Ulifuata kila mstari, na mistari ilikuwa yangu. Nimewauliza wote ninaowajua hapa. Kuna watu wenye mitambo ya kufungua diski zilizokufa, nikawaeleza sauti ile ya kugonga, wakaniambia sahani zake za ndani zitakuwa zimekwisha kukwanguka, na kila ilipowashwa ilijikwangua zaidi. Kwenye diski ya Seni yangepatikana yote. Yangefukuliwa, shangazi, hata baada ya kuhamishwa, kama nisingekuamrisha ujaze sifuri. Nilitaka asibaki na neno hata moja. Sasa na mimi sina.

Sina uso wa kumwangalia baba. Miaka miwili nimekaa kimya nikimngoja yeye aanze. Nilijiambia siku moja nitamsikiliza kwenye kompyuta, nikiwa peke yangu, bila yeye kujua kwamba nasikiliza. Hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu hasa, kama unataka kujua kwa nini nilihangaika na diski kuliko kuhangaika na nauli. Mitihani ilikuwa Mei. Nilikudanganya.

Tafadhali usimwambie kwamba imepotea. Aamini ipo. Mtu aliyepoteza sauti asiambiwe kwamba na kumbukumbu yake tumeipoteza.

Mimi,
Eveline


Ifakara, 1 Agosti 1999

Mwanangu Eveline,

Tumerudi salama. Tulikuta mpunga umeshaingizwa ndani, majirani walivuna sehemu yetu wakaanika wakapepeta, na hakuna aliyetaka ahsante zaidi ya chai. Kidonda kimefunga vizuri. Baba yako anapumulia tundu dogo hapa chini ya shingo, amefunika kitambaa cheupe, na amekuwa mbishi zaidi kuliko alipokuwa na sauti. Ananiandikia kila kitu kwenye ubao wa shule. Jana ameniandikia kwamba mboga yangu haina chumvi, akapiga mstari chini.

Nimemwambia. Samahani, barua yako imenikuta nimeshasema, na hata ingewahi nisingekutii safari hii, nilikutii mara moja na unajua ilivyokuwa. Nilimwambia tulipokuwa bado Dar, nimeshika mkono wake. Alikaa kimya. Nikajicheka mwenyewe baadaye, angefanya nini kingine? Lakini kimya kile nakijua. Siku mbili hakugusa ubao.

Leo, tulipotoka misa, kabla hatujarudi nyumbani, akaandika: "Nipeleke kwa Seni." Nikadhani anakwenda kumgombeza, kwa sababu sikuwa nimemficha lolote, nilimwambia hata habari ya mabaki. Tukaenda. Seni alisimama akashindwa atuweke wapi, akafuta kiti kwa shati lake mwenyewe. Akaifungua ile diski. Hakuwa amefuta hata sekunde moja, na ameshanakili yote mara tatu, moja iko kwake, moja kwa mama yake, moja kwenye CD ambayo nimekuwekea humu.

Tukasikiliza. Eveline, nilikaa na baba yako Jumamosi zote zile nikikata na kukata, na sikuwahi kusikia nilichokuwa nakata. Anakohoa. Anamfukuza jogoo. Anaomba maji, anasema maji yana ladha ya ndoo. Ananicheka kwamba nimeshika redio kama nimebeba mtoto wa watu. Kuna mahali ananiuliza, "Ile diski ya yule kijana umeipokea?" Nasema ndiyo. Anasema, "Umefanya vizuri. Mimi nilikosa adabu na kikapu kile." Nilikuwa nimelisahau kabisa. Seni alikuwa analijua tangu Mei na hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa ameinama anachezea bisibisi.

Mengine utayasikia mwenyewe. Baba yako aliomba arudishiwe sehemu moja, tena na tena, mpaka umeme ukakatika, tukatoka nje. Njia nzima hakutaka mkono wangu. Tulipofika akaketi mezani, akavuta karatasi moja ya barua yangu hii, na kilichoko hapa chini ni mwandiko wake. Sijakisahihisha.

Shangazi yako,
Ursula

*

Eveline,

Majina ya ukoo nitayaandika upya, mkono bado upo. Nimeanza jana, nimefika kwa babu wa babu. Nyimbo zimekwenda. Nimelia kidogo, sasa basi.

Leo kwa Seni nimemsikia mzee mmoja. Kila anapomaliza kukohoa anamuuliza Ursula, Eveline ameandika? Ursula anasema ameandika. Anauliza, ameniuliza mimi? Ursula anakohoa na yeye, anasema kanda imekwisha. Wiki nyingine vilevile. Wiki nyingine vilevile. Sikujua kwamba nilikuwa nauliza kila mara. Nilidhani niliuliza mara moja.

Usiililie mashine. Hiyo barua ijayo usimwandikie shangazi yako. Niandikie mimi.

Baba yako,
Donati